Viatu vya Mwalimu wa Hesabu

Harufu ya kisiwa iliwapokea kabla ya kisiwa chenyewe. Boti ya polisi ilikuwa bado mbali na gati pale Inspekta alipotoa leso akaibana puani, naye si mwanamke wa kushikwa na kinyaa ovyo. Mochwari alizozizoea zilikuwa na ubaridi wake na dawa zake. Huku kulikuwa na kinyesi cha maelfu ya ndege kilichopikwa na jua juu ya mawe, mayai viza, na samaki waliocheuliwa kwa ajili ya makinda kisha wakaangushwa. Kituoni walimwita Bi Pua, kwa siri waliyodhani haijui, na siku hiyo pua yenyewe ilikiona cha mtema kuni.

"Na watu wanafunga safari kuja kunusa hiki?" aliuliza.

"Wanakuja kutazama ndege, Afande," alijibu Koplo, jitu la miraba minne lililokuwa limeshika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. "Na kasa. Na kenge. Wanasema ni pazuri sana."

Mtu wa tatu kwenye boti alikuwa akikitazama kisiwa kikikaribia. Alikuwa mhifadhi wa kisiwa, mwanamume mkavu mwenye ngozi iliyochomwa na chumvi, na mikononi alikuwa na pingu. Kesho yake asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na kwa jinsi jalada lilivyokaa, asingetoka.

Jalada lilikuwa fupi. Juzi walimu wa shule moja ya sekondari mjini walikuja kisiwani kwa matembezi ya siku moja. Jioni wakarudi wakiwa wamepungua mmoja, mwalimu wa hesabu. Asubuhi iliyofuata mwanamke huyo alikutwa amekufa kwenye mawe, chini ya viota. Daktari alisema ni pumu. Vumbi la manyoya na mavi ya ndege lilimziba pumzi, na dawa yake ya kuvuta hakuwa nayo. Walimu wote waliandikisha maelezo yaleyale. Marehemu alifika gatini pamoja nao, akavaa viatu vyake, kisha akakumbuka kwamba ameacha miwani njiani, akarudi kuitafuta. Walimwambia mhifadhi. Naye akajibu, tangulieni tu, nitamleta kwa boti yangu.

Mhifadhi alisema hakuambiwa neno lolote. Lakini yeye alikuwa mmoja na wao walikuwa kundi zima la watu wenye tai na vyeti. Isitoshe, chini ya kitanda chake ilikutwa chupa.

"Kesi imekwisha," Mkuu wa Upelelezi alimwambia Inspekta asubuhi hiyo. "Wewe pitia jalada tu, utie sahihi."

Inspekta alipitia jalada, hakutia sahihi, akaomba boti.

Kibanda cha gatini kilikuwa cha mbao, safi kuliko alivyotarajia. Ukutani palikuwa na rafu ndefu, misumari ya kutundikia mifuko, na chini yake benchi. Mlangoni lilikaa pipa pana lililojaa maji meupe yenye dawa kali. Chupa ile ya chini ya kitanda walikuwa wamekuja nayo. Inspekta aliifungua, akanusa mara moja, akaipeleka usoni kwa Koplo.

"Nani alisema hii ni pombe?"

Koplo alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Dawa ya pipa, Afande."

"Hakuna hata mmoja wenu aliyeinusa?"

"Tuliiona tu ilivyokaa, Afande. Chini ya kitanda."

Inspekta akaifunga chupa. Alimgeukia mhifadhi. "Kaka, nionyeshe. Mgeni akishuka hapa, anafanya nini?"

Mhifadhi alieleza huku akionyesha kwa kidevu, maana mikono ilifungwa. Hakuna kiatu cha bara kinachokanyaga kisiwa. Viatu vinabeba mbegu za magugu na wadudu, na magugu yakiota hapa ndege hawatakuwa na pa kutagia. Kwa hiyo kila mgeni anavua viatu vyake na kuviweka kwenye rafu, anapewa mabuti ya mpira ya kisiwa. Mifuko nayo inabaki kwenye misumari, kwa sababu ya vyakula. Kenge akinusa andazi anakufuata mpaka mwisho wa njia. Wakati wa kuondoka, mgeni anatumbukiza mabuti kwenye pipa na kuchukua viatu vyake.

"Na unajuaje kwamba wote wameondoka?"

"Natazama rafu. Rafu ikiwa tupu, kisiwa ni kitupu. Napuliza filimbi, nahodha anang'oa nanga."

"Huhesabu watu?"

"Watu hawahesabiki, Afande. Huyu yuko chooni, huyu anapiga picha, huyu kaingia botini kisha katoka. Viatu vinatulia." Akaitazama rafu. "Hakuna mtu anayerudi kwao peku. Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Na mabuti?"

"Yanalala kwenye dawa mpaka asubuhi. Asubuhi nayasuuza, nayapanga kwa jozi. Ndipo nikaona jozi moja haipo. Nikajua kuna mtu bado anayo miguuni. Nikakimbia." Akaonyesha kwa kidevu upande wa chumba chake. "Nalala upande huu, Afande. Ndege wakianza kelele zao jioni, hata radi husikii. Na mwenye pumu hana sauti ya kupigia yowe."

Aliwapeleka mahali penyewe. Njia ilipanda katikati ya mawe meupe kwa mavi, na kila walipopita ndege waliwatapikia. Inspekta aliuliza kuhusu mikwaruzo iliyojaa mikononi mwa mhifadhi, ile ambayo jalada liliiita dalili za purukushani. Kabla hajajibiwa, ndege mmoja mkubwa alishuka akamdonoa Koplo kwenye kiwiko, akamtoa damu. Suala la mikwaruzo likaishia hapo.

Kwenye mawe palibaki doa, na kando ya doa kenge alikuwa amelala anaota jua, mnene, ulimi wake unaingia na kutoka. Hakuwaogopa.

"Hawakumuua wao," mhifadhi alisema kwa haraka, kama mtu anayewatetea jamaa zake. "Walimkuta. Walianzia vidoleni."

Koplo aliondoka hima nyuma ya jiwe, na sauti zilizofuata hazikuhitaji maelezo. Inspekta alibaki amesimama, leso puani. Alijiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kujua kwamba mwenzake yuko mahali hapa, akaenda zake. Alikuwa tayari ameanza kuamini kwamba watu hao wapo.

Kwani asubuhi hiyohiyo, kabla ya boti, alikuwa amepita mochwari. Marehemu aliletwa akiwa na mabuti ya mpira miguuni, na ndani ya buti la kushoto alikuwa ameshindilia kilemba chake, kimekunjwa mara nyingi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Binti yake alikuwa hapo, ameleta nguo za mazishi na jozi ya viatu, cha kushoto kikiwa na soli nene iliyoongezwa na fundi. Vyote alivyokuwa navyo mama vilikuwa hivyo, alisema binti. Fundi mmoja, mtindo mmoja, ukanda mpana wa kubandika na kubandua juu ya kiatu. Kamba hakuwahi kuvaa. Nyonga haikumruhusu kuinama kiasi cha kufunga kamba.

Inspekta hakulisema hilo kwa mtu yeyote.

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilinukia marashi ya kupuliza, ya maua yasiyoota popote duniani. Baada ya kisiwa Inspekta alitegemea kupumua, lakini harufu hii ilimkaba vibaya zaidi. Vikombe vya ushindi vilipangwa kabatini, vimefutwa vumbi. Ukutani palikuwa na picha mpya ya walimu wote gatini, siku ya safari, wamekumbatiana. Mwalimu wa hesabu alikuwa mwishoni kabisa, na mkono wa aliyesimama karibu naye haukumgusa.

"Marehemu alikuwa kama dada yangu," alisema Mwalimu Mkuu, bwana wa kitambi na tai nyekundu. "Shule imepoteza nguzo."

"Pole sana, Mwalimu. Mlikuwa mnamwitaje?"

"Namna gani, Afande?"

"Jina la utani. Kila shule inayo."

Mwalimu Mkuu alitazama vikombe. Mwalimu wa michezo, kijana mwenye mabega na mdomo mwepesi, alipoingia baadaye, alijibu swali hilo bila kuombwa mara mbili. "Bembea," alisema, na tabasamu likamtoroka kabla hajalikamata. "Kwa ajili ya mwendo wake. Utani tu wa kazini, Afande. Mwenyewe alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka?"

"Aa... alikuwa hasemi kitu."

Aliwahoji mmoja mmoja, Koplo akiandika. Inspekta aliuliza swali moja tu la maana, na aliliuliza kwa upole, kama mtu aliyekuja kukamilisha makaratasi. Mara ya mwisho ulimwona wapi?

"Kwenye benchi la kibandani," alisema Mwalimu Mkuu. "Amekaa, anafunga kamba za viatu vyake."

"Kwenye benchi," alisema mwalimu wa michezo. "Anafunga kamba za viatu vyake."

Mwalimu wa jiografia alifunga macho ili akumbuke vizuri. Alipoyafumbua alisema marehemu alikuwa kwenye benchi, anafunga kamba za viatu vyake. Wa lugha alisema hivyo. Mhasibu wa shule alisema hivyo na kuongeza kwamba alizifunga vizuri.

Koplo aliacha kuandika katikati. Alikuwa mzito wa mwili, si wa akili. Alimwinamia Inspekta sikioni. "Afande, hawa wamekaririshwa."

"Endelea kuandika."

Watu hawa walikuwa wamemcheka mwanamke yule mwendo wake mwaka hadi mwaka, wakamtungia jina, wakamwigiza korido nzima mbele ya wanafunzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushusha macho akatazama amevaa nini miguuni. Walipokaa kutunga uongo wao walimvisha viatu vya mtu mwingine.

Wa mwisho alikuwa mwalimu wa sanaa, mama mfupi wa sura ya huruma, macho yamevimba kwa kulia. Wenzake walimwita Mama Pacha. Ndiye aliyekuwa akikaa meza moja na marehemu, ndiye aliyempeleka binti wa marehemu mpaka mlangoni pa mochwari, na ndiye pekee ambaye Inspekta alimvutia kiti.

"Pole, Mama Pacha. Mlikuwa marafiki."

"Alikuwa shoga yangu, Afande. Mtu wangu kabisa."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Kwenye benchi. Amekaa anabandika ule ukanda wa viatu vyake."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Nje kengele ya vipindi ililia, na miguu ya wanafunzi ikapita mbio mlangoni.

"Wenzako wote wamesema kamba," Inspekta alisema.

Mama Pacha alifungua mdomo. "Basi... nimekosea. Ilikuwa kamba."

"Hujakosea. Ilikuwa ukanda. Wewe ni mtu wa kwanza katika jengo hili anayevijua viatu vile."

"Nilikuwa rafiki yake! Nilikuwa naviona kila siku, chini ya meza."

"Sawa. Basi nisaidie, maana nimechanganyikiwa. Ulimwona anavaa viatu vyake, kisha akarudi njiani kutafuta miwani. Mbona alikutwa na mabuti ya kisiwa?"

Mama Pacha hakujua hilo. Lilionekana jinsi lilivyomwingia. "Labda... labda alivua tena. Mhifadhi ni mkali kwa viatu vya bara."

"Vizuri. Alivua tena, akavaa mabuti. Viatu akaviacha kwenye rafu, hakuna pengine. Na mhifadhi akapuliza filimbi rafu ikiwa tupu. Hata nahodha anakubali aliiona tupu. Kwa hiyo viatu havikuwa miguuni, wala kwenye rafu." Inspekta alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Viko wapi, Mama Pacha?"

Mama Pacha alitazama mlango.

"Kuna mtu amelala mahabusu kwa ajili ya viatu hivyo. Kesho anasimama kizimbani, na ninyi nyote mtaapa juu yake. Ana watoto kama wewe. Viko wapi?"

"Kwangu," Mama Pacha alisema, kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Nyumbani. Nimevifunga pamoja na mkoba wake."

Baada ya hapo hakusukumwa tena. Yalimtoka yenyewe, na Inspekta alitamani kuziba masikio pamoja na pua.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amewaambia wakaguzi wa elimu kwamba vipindi vya mchana havifundishwi, kwamba walimu wanaondoka baada ya chakula. Wakaguzi walikuja. Tangu siku hiyo kila mmoja ilibidi akae shuleni mpaka jioni, na kila mmoja alijua kwa sababu ya nani. Wazo lilizaliwa wakati wa kwenda, ndani ya boti, marehemu akiwa amekaa mbele peke yake anatazama ndege. Mwalimu wa michezo alisema, tumwache kidogo anyooke. Mhifadhi alipowaeleza habari za rafu, wazo likapata miguu. Marehemu angetembea polepole, angebaki nyuma kama kawaida. Mwalimu wa michezo angemvuta mhifadhi pipani na maswali ya kenge. Na Mama Pacha, ambaye mtu asingeshangaa kumwona ameshika vitu vya shoga yake, angechukua viatu na mkoba.

"Ilikuwa utani, Afande. Tungefika mbali kidogo, halafu tumwambie nahodha ageuze. Tumpige picha tu, akiwa amesimama pale na mabuti. Basi."

"Mkasahau kumwambia nahodha?"

Mama Pacha alitikisa kichwa. Alitikisa kwa muda mrefu.

"Hatukusahau. Mkuu alisema bahari inachafuka, tukigeuza tutachelewa. Akasema mhifadhi analala kulekule, atamwona, atampa pa kulala. Kesho atarudi kimya, ametulia. Watu wakapiga makofi."

"Na wewe?"

"Nilipiga."

Koplo aliweka kalamu chini, akaichukua tena.

"Mkoba ulikuwa na dawa yake," Inspekta alisema. "Ulijua?"

"Sikufungua mkoba. Wallahi sikufungua. Mpaka simu ilipolia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tulikuwa kwenye basi. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Binti yake. Wenzangu wakaanza kupiga kelele, nyamazisha hiyo kitu tusikilize muziki. Nikafungua mkoba. Ile dawa ilikuwa juu kabisa, Afande. Juu ya simu. Niliisogeza ili niipate simu."

"Ukapokea?"

"Nikaizima."

Inspekta aliinuka akaenda dirishani. Alilifungua lote, na marashi ya Mwalimu Mkuu yakaanza kutoka taratibu kuelekea uwanjani. Alikuwa amekaa na wauaji wengi katika kazi yake, wengine waliosema ukweli na wengine waliosema uongo, na wachache miongoni mwao alidiriki kuwaonea huruma. Hawa hakuwa na la kuwaonea. Uchafu wa kisiwani ulikuwa wa ndege na kenge, viumbe visivyojua vinafanya nini.

"Nani alitunga maneno ya benchi?"

"Mkuu. Habari zilipofika alituita kabla ya wanafunzi kupanga mistari. Akatusomea, tukarudia baada yake. Ya kumwambia mhifadhi pia. Alisema yule hana mtu wa kumtetea."

"Koplo, piga simu kituoni. Mwambie Mkuu wa Upelelezi namwomba, kwa heshima zote, mhifadhi afunguliwe pingu sasa hivi. Na watuletee gari. La abiria wengi."

Koplo alikuwa mlangoni tayari. Alipoufungua, Mwalimu Mkuu karibu aangukie ndani. Sikio lake lilikuwa limeegemea mbao. Nyuma yake, kwenye korido, wengine walikuwa wamejikunyata kama wanafunzi waliokutwa wanavuta sigara.

"Inspekta," alisema Mwalimu Mkuu, akivuta tai yake mahali pake, "tuzungumze kama watu wazima. Kesho wanafunzi wana mtihani. Nani atawasimamia?"

Inspekta alimpita kama anavyopita mtu dimbwi, kwa kujikusanyia nguo, na kumwamuru asimame ukutani pamoja na wenzake. Mwalimu wa michezo alianza kusema kwamba yeye aliuliza habari za kenge tu, kuuliza si kosa. Wa jiografia alimnyooshea kidole Mhasibu. Mhasibu alikuwa akilia kwamba hata makofi hakupiga kwa nguvu.

Mama Pacha alitoka wa mwisho. Alimshika Inspekta mkono, kwa vidole vyenye jasho, na Inspekta akajizuia asiutoe.

"Afande, nikuulize kitu. Niambie tu hili moja. Alikufa upesi, sivyo? Wakati ule tulipoondoka. Simu ilipolia alikuwa ameshakufa."

Lingekuwa jambo dogo kumwambia ndiyo. Neno moja lingemtosha Mama Pacha kulala usiku huo na mwingine wote uliobaki. Binti wa marehemu alikuwa amemuuliza daktari swali hilohilo asubuhi, naye hakuna aliyempunguzia jibu.

"Alikufa alfajiri," Inspekta alisema. "Mlikuwa na usiku mzima."

Akautoa mkono wake, akaufuta kwenye sketi, akatangulia kwenda kusubiri gari.